Bwawa la tuta la udongo la kuzuia mafuriko Usangu: je, laweza pia kututunzia maji ya kiangazi?

Mkazi wa Chimala:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo kijiji chetu kinatakiwa kuliamua kabla mvua za mwaka huu hazijaanza. Tunakaa chini ya ukingo wa milima, upande wa Chimala, pale ambapo mito inayotoka juu, upande wa Matamba na Kipengere, inashuka kwa kasi na kufika ghafla kwenye tambarare ya Usangu. Mto ukishafika bondeni hupungua nguvu, hutua mchanga na mawe uliyoyabeba, kisha hutafuta njia mpya, na mara nyingi njia hiyo mpya hupita katikati ya majaruba yetu. Maji yenyewe hukaa siku mbili tatu yakaondoka. Mchanga hauondoki. Mahali pengine unafika magotini, na jaruba lililofukiwa na mchanga halishiki tena maji ya mpunga.

Sasa tumeletewa mpango wa kujenga bwawa la tuta la udongo kwenye bonde jembamba lililo juu ya kijiji, kwa ajili ya kuzuia mafuriko. Tuta litakuwa na kimo cha mita 9 hivi. Katika mkutano mkuu wa kijiji wote tuliukubali mpango huo, ila kila kundi lilikuwa na bwawa lake kichwani. Wakulima wa mpunga wanataka maji ya kuandalia vitalu mwezi wa Oktoba, wafugaji wanataka mahali pa kunyweshea, vijana wanataka kufuga samaki, na wenye nyumba kandokando ya mto wanataka tu kulala usingizi mvua inaponyesha milimani usiku. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kijiji inayoshughulikia ardhi na maji, na tunatakiwa kutia saini muhtasari wa kulitoa bonde hilo, ambalo baadhi ya familia zinalilima.

Ninachotaka kujua ni kama bwawa moja laweza kufanya kazi zote hizo, na kama udongo bila zege unaweza kuaminiwa juu ya vichwa vya watu, hasa baada ya mabwawa ya Derna kule Libya kubomoka. Tena, sisi tusio wataalamu tuombe kuonyeshwa nini kabla ya kutoa ardhi?

Fundi mstaafu, Iringa:

Ndugu mjumbe, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kusimamia ujenzi wa malambo na matuta katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Naanza na swali lako la kwanza, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mengine yote, na ndilo ambalo vijiji vingi hulipita haraka.

Bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi kwa nafasi yake tupu. Tuseme eneo linalokusanya maji ya mto wenu ni kilomita za mraba 20, na usiku mmoja ikanyesha mvua ya milimita 80 katika eneo lote. Hayo ni mita za ujazo 1,600,000. Hata kama theluthi moja tu ndiyo inayokimbilia mtoni na iliyobaki inanywewa na ardhi, mto utaleta zaidi ya mita za ujazo 500,000 kabla ya jua kuwa juu. Bwawa lenye uwezo wa mita za ujazo 300,000, likiwa tupu, litameza zaidi ya nusu ya maji hayo, na yatakayobaki yatapita kijijini polepole. Bwawa hilohilo likiwa limejazwa tangu Januari kwa ajili ya samaki na vitalu, litapitisha karibu kila kinachoingia, na watu wa chini watakuwa wamelipa gharama ya tuta bila kupata kinga yake. Kwa hiyo mnapoambiwa kwamba bwawa litazuia mafuriko na pia litakuwa limejaa wakati wote, kaeni nalo jambo hilo mpaka mtu awaeleze kwa tarakimu linawezekanaje.

Wako watu waliolichukulia jambo hili kwa uzito wake wote. Baada ya mafuriko ya Machi 1913 kuua watu zaidi ya 300 katika bonde la mto Miami, jimbo la Ohio, Marekani, wananchi wa mji wa Dayton na miji ya jirani walichanga fedha, wakamwajiri mhandisi Arthur Morgan, naye akasimamia ujenzi wa matuta matano makubwa ya udongo ambayo yalikamilika mwaka 1922. Mabwawa hayo huwa makavu. Katika kila tuta kuna matundu ya zege yasiyo na mlango wala koki, na mto hupita humo siku zote kana kwamba tuta halipo. Mafuriko yakija, matundu yale hayawezi kupitisha maji yote kwa mara moja, basi maji yanajikusanya nyuma ya tuta, kisha yanatoka yenyewe kwa kiasi ambacho mto wa chini unakibeba. Mashamba yaliyoko nyuma ya tuta yanaendelea kulimwa, na hakuna mtu anayeamshwa usiku kwenda kuzungusha gurudumu la mlango.

Hapo kwenu sioni haja ya kubaki na bwawa kavu kabisa. Tundu la kutolea maji laweza kuwekwa juu kidogo ya sakafu ya bonde, ili maji yaliyo chini ya usawa wake yabaki kwa ajili ya mifugo na vitalu, na nafasi yote iliyo juu yake iwe mali ya mafuriko peke yake. Sharti ni kwamba usawa huo uamuliwe sasa, uandikwe kwenye muhtasari wenu, na tundu lijengwe kwa zege bila mlango. Mkiweka mlango, kila mwaka wa mvua haba kutakuwa na mtu wa kuufunga mwezi wa Machi ili maji yasipotee, na mvua kubwa za Aprili zitakuja zikute bwawa limejaa.

Kuhusu udongo, nakuomba usiuogope. Bwawa la Kidatu, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 1975 kwenye mto Ruaha Mkuu huuhuu unaopokea maji yenu, tuta lake ni la udongo na mawe, na limesimama. Udongo una faida ambayo zege haina: ardhi ya chini ikititia kidogo, tuta hufuata bila kupasuka vipande. Unachokosa ni uwezo wa kuvumilia maji yanayopita juu yake. Maji yakivuka ukingo wa juu hata kwa kimo cha kiganja, yanaanza kukwangua upande mkavu kutoka chini kwenda juu, na ndani ya saa chache tuta linakuwa mfereji. Hiyo ndiyo sababu inayoongoza kwa kubomoa matuta ya udongo duniani, na ndiyo iliyobomoa bwawa la South Fork huko Pennsylvania tarehe 31 Mei 1889 na kuua watu 2,209 katika mji wa Johnstown na vijiji vya karibu. Wenye bwawa lile walikuwa klabu ya wavuvi wa starehe. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameondolewa zamani wala wao hawakuyarudisha, walishusha ukingo wa tuta ili barabara ipanuke, na kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, waliweka wavu wa chuma ili samaki wasitoroke. Siku ya mvua kubwa wavu uliziba kwa takataka. Vijana wenu wanaotaka samaki waelezwe habari hiyo kwa heshima na kwa ukamilifu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza mtakachoomba kuonyeshwa kwenye mchoro ni utoro wa maji: upana wake, mahali ulipo, na mafuriko ya ukubwa gani unayoweza kuyapitisha. Uchimbwe kwenye ardhi ya asili, begani mwa kilima, wala usipite juu ya udongo wa kumwaga. Ulizeni pia umbali uliopo kati ya usawa wa maji ya mafuriko makubwa kabisa na ukingo wa tuta. Kwa tuta la kimo hicho, mimi sikubali chini ya mita 1. Na kwa kuwa udongo hutitia baada ya kujengwa, katikati ya tuta pawe juu zaidi kuliko kandokando siku ya kukabidhiwa, hata kama macho yataona halijanyooka.

Mhaidrolojia, Mbeya:

Naunga mkono aliyoyasema mzee wetu wa Iringa, na nashukuru kwamba ameanza na nafasi tupu. Mimi naomba kukaa zaidi kwenye udongo wenyewe, kwa sababu njia ya pili ya kufa kwa tuta haionekani kwa macho mpaka imekwisha kukomaa. Ni pale maji yanapojitobolea njia ndani ya tuta au chini yake, yakibeba chembe moja moja, mpaka tundu la ukubwa wa kidole linakuwa handaki. Bwawa la Teton huko Idaho, lenye tuta la udongo la mita 93, lilibomoka hivyo tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi yalionekana maji ya tope yakitoka ubavuni, matingatinga yakapelekwa kuziba, na kabla ya saa sita mchana kupita tuta lilikuwa limekatika. Wajenzi walikuwa taasisi ya serikali yenye uzoefu mkubwa, lakini mwamba wa ubavuni ulikuwa na nyufa, na udongo laini wa vumbi uliojazwa kwenye mtaro wa msingi ulisombwa kirahisi.

Sisi wa Usangu tuna udongo wa aina mbili unaohitaji uangalifu. Upo ule mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua huvimba na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaingia. Unaonekana kama mfinyanzi mzuri usiopitisha maji, lakini tuta lililojengwa kwa huo peke yake litapasuka kila Oktoba, na maji ya kwanza ya Desemba yatapita kwenye nyufa. Upo pia udongo unaoyeyuka wenyewe ndani ya maji, na huo ni wa hatari zaidi. Kuutambua hakuhitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Chukua bonge la udongo la ukubwa wa punje ya hindi kutoka kwenye machimbo yanayokusudiwa, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua yaliyo safi, na usitikise wala usikoroge. Bonge likivunjika na kubaki rundo chini huku maji yakiwa maangavu, si jambo la kukutisha. Lakini ukiona wingu kama la maziwa linatanda kutoka kwenye bonge na haliishi hata baada ya saa moja, udongo huo usiingie kwenye tuta lenu mpaka maabara ya udongo iseme unaweza kutibiwa vipi. Fanyeni jaribio hilo mbele ya wananchi, kwa mabonge kutoka mashimo mbalimbali na vina mbalimbali. Ni jambo ambalo kila mtu aliyepo ataliona kwa macho yake.

Msingi nao una habari yake. Bonde lenu liko karibu na mahali mto unapotua mchanga, na chini ya udongo wa juu mnaweza kukuta tabaka za kokoto za mto wa zamani. Maji yatapita huko chini hata kama tuta lenyewe ni imara. Ndiyo maana lazima uchimbwe mtaro chini ya tuta, kutoka bega moja la bonde hadi jingine, ukate tabaka hizo zote mpaka ufike kwenye mfinyanzi au mwamba usiopitisha maji, kisha ujazwe udongo uleule wa katikati ya tuta na kushindiliwa. Mkipelekewa mchoro usioonyesha mashimo ya uchunguzi yaliyochimbwa na kina chake, ombeni uchunguzi ufanyike kwanza. Na wakati wa ujenzi awepo mwanakijiji anayepima kwa rula unene wa kila tabaka kabla ya kushindiliwa, kwa kuwa katapila halishindilii sawasawa tabaka iliyozidi sentimita 20 hivi, na mkandarasi anayechelewa atashawishika kumwaga nene.

Derna umeitaja mwenyewe, nami nadhani ndiyo mfano unaowahusu kuliko yote. Mabwawa yale mawili yalijengwa katika miaka ya 1970, yakiwa na mfinyanzi katikati na mawe pande zote mbili, na kazi yake ilikuwa hiihii ya kuulinda mji dhidi ya mafuriko ya bonde. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mvua ya kimbunga Daniel iliyajaza, la juu likabomoka, na maji yake yakalikumba la chini. Matengenezo yalikuwa yamezungumzwa kwa miaka mingi bila kukamilika. Wakati huo watu walikuwa wamejenga kandokando ya bonde lile kwa sababu kwa miaka mingi halikuwa limeleta mafuriko makubwa. Bwawa la kuzuia mafuriko huwapa watu moyo wa kushuka karibu na mto. Kijiji chenu kikilijenga, sheria ndogo ya kukataza nyumba mpya kwenye njia ya maji ipitishwe kabla tuta halijakamilika, kwa kuwa baada ya miaka mitano mikavu hakuna atakayeikubali.

Mama wa mpunga, Madibira:

Nawashukuru mafundi wetu. Mimi si mtaalamu, ila huku kwetu tuna lambo la zamani na nimekuwa katika kamati yake, kwa hiyo naomba kuongeza lile linalotokea baada ya sherehe ya ufunguzi, wageni wakishaondoka.

Adui wa kwanza wa tuta letu alikuwa ng'ombe. Wakishuka kunywa kwa njia moja kila siku wanachonga mkondo, mvua inaufuata mkondo huo, na mwisho wa msimu ukingo una pengo. Tulijenga birika chini ya tuta, maji yakaletwa kwa bomba, tukapanda uzio wa minyaa kuzunguka bwawa, na mifugo haikanyagi tena tuta. Wafugaji wenyewe ndio waliochagua mahali pa birika, na ndiyo maana uzio haukung'olewa. Adui wa pili ni miti. Watu huona tuta tupu wakadhani kupanda miti ni kulitunza, kumbe mizizi ikifa na kuoza inaacha mabomba ndani ya udongo. Tuta linataka majani mafupi yanayotambaa, yafyekwe kabla ya mvua ili kila kitu kionekane. Fuko na panya nao wafuatiliwe, na vichuguu vichimbuliwe mpaka kwenye kiota, kisha shimo lijazwe na kushindiliwa, maana kukata kichuguu juu tu ni kumwacha mchwa aendelee.

Jambo lililotufundisha zaidi lilionekana chini ya tuta, upande mkavu, mahali ambapo siku zote palikuwa na unyevu na majani mabichi. Maji yaliyokuwa yakichuruzika pale yalikuwa safi, na tulikuwa tumeambiwa kwamba uvujaji wa maji safi ni wa kawaida kwa tuta la udongo. Msimu mmoja mlinzi wetu aliyachota kwenye chupa nyeupe ya maji, akaiacha ikae, na chini ya chupa kukabaki utando mwekundu wa udongo. Hakungoja kikao. Bwawa lilishushwa siku ileile, na fundi alipokuja akakuta tundu linaanza. Tangu hapo chupa ile hujazwa kila wiki wakati wa mvua, tarehe inaandikwa juu yake, na chupa za wiki zilizopita zinawekwa kando yake kwenye dirisha la ofisi ya skimu, ili mjumbe yeyote azilinganishe.

Kwa hiyo mjumbe mwenzangu, kabla ya kusaini ulizeni mlinzi atalipwa na nani. Kama mfuko wa kumlipa haupo, tuta halina mwenyewe.

Mkazi wa Chimala:

Shikamooni wazee wetu, na asanteni nyote. Mengi niliyoyasoma hapa nitayapeleka kwenye kamati kama yalivyo, na jaribio la glasi tutalifanya kwenye mkutano ujao.

Yamebaki mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni mchanga. Kama mto unashuka na mchanga mwingi hivi, hautalijaza bwawa lenyewe katika miaka michache? La pili ni watu wa chini yetu. Tumezoea kusikia kwamba sisi wa juu tunayakausha maji ya kinamasi cha Ihefu na ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Je, bwawa la mafuriko nalo litahesabiwa katika lawama hizo, na ruhusa yake inaombwa wapi?

Mhaidrolojia, Mbeya:

Mchanga utalijaza, ndugu yangu, isipokuwa kazi ianzie juu. Miteremko ya kule milimani inalimwa viazi na mahindi mpaka ukingoni mwa mito, na mara nyingi matuta ya mazao yanachongwa kufuata mteremko, jambo linaloyafanya kuwa reli ya kuteremshia udongo kila mvua inaponyesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na nyote mnajua mita hizo zinavyoheshimiwa. Mkipanga bwawa, kaeni meza moja na vijiji vya juu, ikiwezekana sehemu ya fedha ya mradi iende huko kwenye makinga maji na miti ya asili kandokando ya vijito, kwa kuwa wao ndio watakaoamua bwawa lenu litaishi miaka 10 au 50. Pia mwambieni mhandisi ajenge kizuizi kidogo cha mawe mahali mto unapoingia bwawani, penye njia ya kufikika kwa lori, ili mchanga utue hapo na uchotwe kila kiangazi. Mchanga wa mto una soko Chimala na Igurusi, na ukiuzwa kwa utaratibu, chini ya kibali, unaweza kumlipa yule mlinzi aliyetajwa na mama wa Madibira. Mjue tu kwamba tundu lisilo na mlango huacha sehemu ya tope laini ipite na mafuriko, na hiyo ni faida nyingine ya bwawa linalojimwaga lenyewe.

Kuhusu watu wa chini, swali lako limenifurahisha, kwa kuwa ni wachache wanaoliuliza kabla ya kulaumiwa. Usangu tayari ina bwawa lake la asili la kuzuia mafuriko, nalo ni Ihefu. Maji ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mito mingine yanakusanyika katika kinamasi kile, na njia ya kutokea ni moja tu, pale Ng'iriama, penye kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha Mkuu unatiririka kupitia hifadhi mpaka bwawa la Mtera. Yakishuka chini yake, mto unakatika, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi. Tofauti kati ya bwawa linalochelewesha maji na bwawa linaloyashika inaonekana hapo. Bwawa lenu likiyashikilia mafuriko ya siku mbili na kuyatoa kwa siku kumi, Ihefu haipotezi kitu cha maana. Likiyashika mpaka Oktoba na kuyamwaga kwenye majaruba, maji hayo yanahesabiwa kuwa ni matumizi mapya, na ni haki yahesabiwe hivyo.

Ruhusa inaombwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina sehemu inayohusu usalama wa mabwawa, na kibali cha kujenga tuta ni kitu tofauti na kibali cha kutumia maji, hivyo msikubali kuonyeshwa kimoja mkaambiwa kinatosha kwa vyote viwili. Tathmini ya athari kwa mazingira nayo ipitie Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kwa familia zinazolima bondeni, fidia ijadiliwe kabla ya muhtasari kusainiwa, na iandikwe wazi kama wataruhusiwa kulima nyuma ya tuta wakati bwawa liko kavu. Kwa maoni yangu waruhusiwe, kwa mazao mafupi ya kiangazi, maana mtu anayelima mle ndani atakuwa wa kwanza kupinga tundu kuzibwa.

Fundi mstaafu, Iringa:

Marahaba, mjumbe. Naongeza moja ambalo halijaguswa, kisha niwaachie wengine.

Ombeni ramani inayoonyesha maji yatafika wapi tuta likibomoka usiku likiwa limejaa. Ni kazi ambayo mhandisi wenu anaiweza, na asiyetaka kuifanya msimpe kazi nyingine. Tarehe 9 Mei 2018 tuta la udongo la bwawa la shamba lilipobomoka huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, watu zaidi ya 40 walifariki, wengi wakiwa majumbani mwao, na hakukuwa na kengele iliyolia. Ramani hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji, shuleni na zahanati, na kwenye ramani iandikwe njia ya kukimbilia mlimani kwa kila kitongoji. Kama shule au zahanati yenyewe imo ndani ya mstari wa maji, hiyo ni sababu ya kutosha ya kusogeza tuta au kulifupisha, na msisaini mpaka hilo limejibiwa.

Na mara ya kwanza kulijaza, lijazwe polepole. Kwa kuwa tundu lenu halitakuwa na mlango, msimu wa kwanza mhandisi aweke magogo ya muda ya kupandisha maji kwa hatua, nusu mita baada ya nusu mita, huku chini ya tuta watu wakiangalia usiku na mchana kwa chupa ile ya mama wa Madibira. Magogo hayo yaondolewe mbele ya kamati, yapelekwe mbali na bwawa, na iandikwe kwamba yameondolewa.